Jogoo Aliyesemeshwa Kiswahili Njia ya Muleba

Jamani, nimerudi. Tangu nirudi hapa Mkolani, kila anayeingia dukani kwangu ananunua balbu moja na kuuliza maswali ya saa nzima. Kwa hiyo naandika yote mara moja, msome, kisha mniache niuze. Masanja naye amerudi, na najua huko kwao Bujora ameshaanza kusimulia kwa namna yake. Someni haya kwanza.

Mnajua kwamba mke wangu Kabula alikwenda Muleba kwa wazazi wangu kujifungua, kwa sababu dada yangu ni mkunga kule na Kabula hataki kushikwa na mtu mwingine. Siku zilipokaribia aliomba kitu kimoja tu. "Niletee mama," aliniambia kwenye simu. "Usimtumie nauli. Mlete wewe mwenyewe." Nikaichukua kazi hiyo kwa moyo wote, na nilitaka ijulikane Bujora na Muleba kwamba aliyemleta mama ni mume wa Kabula, si mtu mwingine.

Habari za kufunga duka na kuaga naziruka. Naanzia kwenye gari.

Mkolani hadi Bujora

Jipu lile la kijani mnalijua. Ni la zamani, la petroli, na lilikuwa la marehemu baba mkwe, bwana mifugo aliyezunguka nalo Usukuma akichanja ng'ombe. Alipofariki, familia ilinikabidhi mimi. Masanja alilitaka. Hakuwahi kusema, lakini mtu akipapasa boneti la gari la mwenzake unaelewa.

Nililiandaa kwa mikono yangu. Niliweka plagi mpya, nikasafisha platini, yaani vile vidude viwili ndani ya distributa vinavyogusana na kuachana ili cheche ipatikane. Tena nilinunua kifuniko kipya cha tangi, kinachong'aa, chenye ufunguo, kwa kuwa hapa mtaani wapo watu wanaonyonya petroli ya wenzao, na wengine wao wanasoma maneno haya. Kile kifuniko cha zamani, kilichochakaa na kuingia kutu, nilikitupa kwenye kiti cha nyuma.

Sasa mama mkwe. Mimi ni Mhaya, na kwetu mama mkwe unamsalimia, unakula kwake, anakuuliza habari za mvua na wewe unamjibu. Kwa mama Kabula mambo ni mengine. Mkwe hapewi mkono, hashirikiwi sahani, hatazamwi usoni, na neno lake linapitia kwa mtu wa tatu. Wasukuma wengi wa siku hizi wameyalegeza hayo, Kabula mwenyewe anayacheka, lakini mama yake hajalegeza hata moja. Ninapofika Bujora nachuchumaa mbali na kusema shikamoo, na yeye anaitikia marahaba akiutazama ukuta. Kwa miaka yote ya ndoa yangu niliamini kwamba hanipendi, na kwamba heshima ni jina zuri alilolipa jambo hilo.

Kwa hiyo asingeweza kupanda gari na mimi wawili tu. Lazima awepo mtu katikati. Tulikubaliana awe shangazi yake Kabula. Nilipofika Bujora asubuhi, shangazi hakuwepo. Juu ya gunia la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ndevu zimenyolewa na viatu vimepigwa rangi, alikuwa amekaa Masanja.

"Shangazi mgongo umemkamata, shemeji," alisema. "Nimejitolea."

Kwa wale wasiomjua, Masanja ni fundi wa injini za mitumbwi. Alikulia nyumba ya jirani na Kabula, na Bujora nzima iliwahi kuamini kwamba ndiye atakayemwoa. Yeye mwenyewe aliniambia hivyo siku ya harusi yangu, akicheka, mkono wake begani kwangu. Ananiita shemeji kwa kuwa anadai Kabula ni dada yake. Sijawahi kulipenda neno hilo kinywani mwake.

Mama hakuweza kukaa mbele karibu na mimi, na Masanja akasema hawezi kumwacha mama peke yake nyuma. Basi wakakaa nyuma wote wawili. Kiti cha mbele wakakipa tenga lenye jogoo mwekundu, zawadi ya mzazi. Nikawa dereva wa kukodi anayemsafirisha jogoo.

Usagara hadi darajani

Mpaka Usagara gari lilikwenda bila neno. Wale wawili nyuma walizungumza Kisukuma njia nzima, na mimi Kisukuma changu kinaishia kwenye salamu ya mwangaluka. Mama alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Nilijiuliza Masanja amemwambia nini, na nilijijibu vibaya kila mara.

Tulipoipita njia panda kidogo, injini ikakohoa, ikasita, ikazima.

"Mafuta hayo," Masanja alisema kabla gari halijasimama vizuri.

"Moto," nilisema. Mimi nauza vifaa vya umeme, najua kitu kinachokosa umeme kinavyokufa.

Nilifungua boneti, nikatoa kofia ya distributa, nikazipitisha platini kwenye msasa taratibu, huku nimewasha tochi ya simu kwa kuwa kule ndani hakuonekani. Masanja alisimama nyuma yangu mikono kiunoni akiguna. Nilipomaliza nikapiga stata, gari likawaka.  Nilimtazama tu kwenye kioo mpaka akageuza uso.

Ushindi wangu ulidumu hadi karibu na daraja. Likakohoa tena, likazima. Safari hii Masanja aliruka chini bila kuuliza, akachomoa mpira unaoleta petroli kwenye kabureta, akaweka mdomo, akapuliza mpaka mashavu yakavimba. Akaurudisha. Gari likawaka.

"Wabeja, mwanangu," mama alimwambia. Asante ilikuwa ya Kisukuma, lakini mwanangu alilisema kwa Kiswahili, na mimi nikalisikia lote.

Kisha akatoa michembe na karanga, akampa Masanja mkononi, kiganja kwa kiganja. Fungu langu lilikuja kwa kupitishwa. "Mama anasema ule, shemeji," Masanja alisema, akininyooshea michembe kwa vidole vilevile vilivyoshika mpira wa petroli. Nilikula fungu lile lote, na ladha ya petroli nilikuwa nayo hadi ng'ambo.

Darajani tulipita bila kusimama. Zamani hapo tulikuwa tukingoja kivuko mpaka tunafahamiana na watu. Ziwa lilikuwa limetulia pande zote mbili. Laiti ningekuwa na mtu wa kumwonyesha kwenye kiti cha pembeni, lakini pale alikuwepo jogoo, naye alikuwa amelala.

Moshi wa Sengerema

Kabla ya Sengerema mshale wa mafuta ulianza kushuka. Masanja akasema tusihangaike, ana dumu la petroli aliyokuwa anampelekea rafiki yake. Nilifungua kifuniko changu kwa ufunguo, akamimina.

Tuliingia Sengerema tukiwa ndani ya wingu. Moshi wa buluu ulitoka nyuma ya gari mzito kiasi kwamba mama mmoja alizifunika ndizi zake kwa kanga, na waendesha bodaboda wakatupigia honi kama tunaoa. Injini ikawa inatetemeka, inaruka, mara inashika mara inaacha. Nikasimama, nikanusa dumu.

"Masanja, hii ina oili."

Alinusa naye. "Ni kweli," alisema polepole. "Kwetu mwaloni kila dumu linachanganywa oili kabisa, shemeji. Injini za mitumbwi zinakunywa hivyo. Mkono umezoea, sikukumbuka."

Nilifurahi, sitawaficha. Niliinyonya petroli yote kwa mpira, nikanunua safi, nikatoa plagi moja moja, nyeusi na zimelowa, nikazipiga brashi ya waya taratibu kuliko ilivyohitajika, ili mama aone. Nilingoja amkemee. Badala yake alisema kitu kwa Kisukuma, na wote wawili wakacheka hadi mama akajifuta macho.

"Mama anasema hata marehemu aliwahi kulinywesha gari hili petroli ya mtumbwi," Masanja alinifasiria. "Anasema nimemkumbusha mumewe."

Hapo nilimchukia, jamani. Mtu anaharibu, na kosa lake linageuka kumbukumbu nzuri ya marehemu. Mimi nikipatia, sipati hata mguno.

Geita

Gari lilizima tena mara kadhaa kabla ya Geita, na kila mara tulifanya yaleyale. Akipuliza yeye, linawaka. Nikisugua mimi, linawaka. Kila mmoja akawa na ushahidi wake, na kila mmoja akazidi kuwa mkaidi.

Geita tulikula wali na sato mgahawani. Mama alikaa uani nyuma ya pazia, Masanja akimpelekea maji ya kunawa, na mimi nilikaa mezani peke yangu. Simu yangu ilikuwa imeisha chaji kwa sababu ya ile tochi. Nikiwa natoa miiba, simu ya Masanja ikalia.

Alisikiliza, akasimama, akashika kichwa. "Mtoto wa kike, shemeji. Hongera. Wote wazima. Kabula anasema simu yako haipatikani."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Habari ya kuzaliwa kwa mwanangu ilifika sikioni kwa Masanja kabla ya kufika kwangu. Nilinyoosha mkono nipewe simu niongee na mke wangu, lakini yeye alikuwa ameshakimbia uani kumpelekea mama. Vigelegele vilisikika kutoka nyuma ya pazia, na watu wa mgahawa wakampongeza Masanja aliporudi, wakimpa mkono. Alichelewa kidogo kuwaambia kwamba baba ni mimi. Nasema alichelewa, na mkimuuliza atakataa.

Simu iliporudi ilikuwa imekatika. Tulilala Katoro, kila mtu chumba chake. Niliiweka simu kwenye chaji nikampigia Kabula. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama Masanja anatusaidia vizuri na gari.

Msitu wa Biharamulo

Asubuhi nilijaza tangi mpaka shingoni ili nisihitaji dumu la mtu yeyote. Baada ya Bwanga njia inaingia msituni, watu wanapungua, na gari likawa baya kuliko jana. Jana lilikuwa linakwenda mwendo mzuri kabla ya kuzima. Leo tunasogea kidogo tu, linazima. Tunangoja, tunasugua, tunapuliza, linawaka, linazima. Mwisho halikuwaka kabisa, na betri nayo ikaanza kuchoka.

"Shemeji, kwako kila kitu ni umeme kwa sababu unauza umeme," Masanja alisema.

"Na wewe kila kitu ni kupuliza."

"Familia ingenipa mimi gari hili, lisingefika hali hii."

Ndipo likanitoka. "Lakini hawakukupa. Gari si lako, mke si wako, na mtoto si wako. Umepanda humu kufanya nini?"

 Masanja alijifuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu. Ikapita bodaboda inayokwenda Biharamulo, akaipungia. "Naleta fundi," alisema bila kunitazama, akapanda, akaondoka.

Nikabaki na mama mkwe, na katikati yetu hakuna mtu.

Nilikaa upande mmoja wa gari, yeye upande wa pili kwenye kivuli. Tenga la jogoo nililishusha apate hewa, nikaliweka karibu na gurudumu la nyuma. Ndege wa msituni walilia, wakanyamaza. Nilijilaumu kwa kumfukuza mtu mbele ya mama yule, ambaye sasa angekuwa na sababu nzuri ya kutonipenda.

"Wewe jogoo," sauti ilisema.

Nilifikiri nimesikia vibaya. Jogoo yule alizaliwa Bujora, akalelewa Bujora, hajawahi kusemeshwa chochote isipokuwa Kisukuma. Mama alikuwa anamsemesha kwa Kiswahili.

"Wewe jogoo, marehemu mwenye gari hili alikuwa na kifuniko cha tangi chenye tundu dogo. Alikuwa akiniambia kwamba tangi nalo linavuta pumzi. Petroli ikitoka, hewa lazima iingie mahali pake. Ukiliziba mdomo, pampu inavuta, inavuta, mpaka haipati kitu."

Nilisimama wima upande wangu wa gari.

"Kifuniko hicho," aliendelea, "kiko hapa. Nimekikalia tangu Bujora, na kimeniumiza sana." Mkono wake ulitokea nyuma ya gurudumu, ukakiweka juu ya tenga, kisha ukarudi.

Nilikichukua. Katikati ya ile kutu palikuwa na tundu la kupitisha sindano. Nikachukua ufunguo wangu, nikaenda kwenye kile kifuniko changu kinachong'aa, nikakizungusha. Tangi likavuta hewa kwa mlio mrefu, fyuuu, mpaka jogoo akainua shingo. Hapo yote yakanijia. Kila tulipokaa tukingoja, hewa ilikuwa inajipenyeza kidogo kidogo, na tukapewa sifa sisi, mmoja na msasa wake, mwingine na mashavu yake. Kila nilipofungua kujaza mafuta, hewa iliingia kwa muda. Na asubuhi ile nilivyolijaza hadi shingoni, sikuacha nafasi ya hewa, nikalibana zaidi. Mwizi wa petroli niliyemwogopa hakuja, nikalinyonga gari mwenyewe.

Nilifunga kile cha kutu. Nikapiga stata. Ilivuta kwa shida, ikasita, injini ikashika. Nililiacha liungurume, nikarudi, nikachuchumaa mbele ya tenga.

"Jogoo," nilisema, "mwambie mama ninashukuru sana. Na umuulize. Tangu Usagara alikuwa na Masanja pembeni, wanazungumza na kucheka. Mbona hakumwambia?"

 Nilisikia akiikaza kanga yake.

"Jogoo, Masanja ni mtoto wa jirani, nampenda, lakini mdomo wake hauna mlango. Angelitengeneza pale Usagara, na Kabula angeambiwa, na Bujora yote ingeambiwa, kwamba mkwe wangu alifikishwa kwao na Masanja. Nilikuwa nangoja aondoke kidogo nikwambie wewe. Haondoki. Hata chooni anakwenda mbio na kurudi."

 Nilikwenda nikakaa kwenye usukani, nikashika tu usukani.

Masanja alirudi na fundi mmoja mnene juu ya pikipiki, akakuta gari linaunguruma. Fundi alilizunguka, akatabasamu, akapewa chake na kuondoka.

"Lilikuwa nini?" Masanja aliuliza.

"Mafuta," nilisema, kwa kuwa ndiyo kweli.

"Si nilisema." Akamgeukia mama, akamwaga Kisukuma, na mama akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia jambo hilo kwa mara ya kwanza. Kisha Masanja akauliza kwa Kiswahili, "Nani ametengeneza, mama?"

"Mkwe wangu," mama alisema, akiutazama msitu.

Niliendesha kutoka pale na halikuzima tena. Nilimwomba Masanja radhi kwa maneno yangu makali, akasema yameisha. Alikaa mbele safari hii, na jogoo akaenda nyuma kwa mama.

Muleba

Tulifika jua likiwa bado juu. Dada yangu alitoka na kisu akisema maji ya kumnyonyolea jogoo yameshachemka. Nilimwambia huyu hachinjwi, ana kazi. Alinitazama kana kwamba nimepigwa na jua, akaenda kutafuta kuku mwingine.

Kabula alikuwa amekaa kitandani, amechoka na amependeza. Nilimshika mkono, na kabla sijasema neno Masanja aliingia, na wale wawili wakaanza kuzungumza Kisukuma, na mke wangu akacheka kile kicheko kilekile cha mama yake. Ulikuja tena, jamani, ule wivu. Msidhani kifuniko cha tangi kinatibu kila kitu.

Mama alinawa, akabadili kanga, akampokea mjukuu kutoka kwa dada yangu. Alimtazama sana. Kisha akainuka naye. Kwa desturi yake asingeweza kumkabidhi mtoto mikononi mwangu, nilijua. Masanja naye alijua, kwa kuwa alisogea mbele na kunyoosha mikono yote miwili, tayari kumpokea na kunipitishia, kama alivyopitisha michembe.

Mama alimpita. Alikwenda hadi kitandani, akamlaza mtoto miguuni pa Kabula, mahali ambapo mkono wangu ungefika. Akarudi mlangoni, akatugeuzia mgongo. Nje ya mlango jogoo alikuwa amefungwa mguu kwenye shina la mgomba.

"Wewe jogoo," alisema, kwa Kiswahili, na kwa sauti iliyosikika nyumba nzima, "mwambie baba yake ambebe. Wageni watafuata."

Masanja akashusha mikono. Nami nikamwinua binti yangu.